Kibarua Kikiota Nyasi Marekani: Mwongozo Kamili wa Kudai Bima ya Ukosefu wa Ajira

Kati ya "nimeacha kazi" na "nimeachishwa kazi" tofauti ni silabi moja tu, lakini mbele ya ofisi za bima ya ukosefu wa ajira za Marekani silabi hiyo huweza kuamua kama familia italipwa au itakosa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa mezani na wasemaji wenzangu wa Kiswahili, wengi wao kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, wakijaza madai haya kwenye simu zao. Ninaloliona mara kwa mara ni mtu mwenye haki kamili kunyimwa kwa sababu ya neno lililoandikwa vibaya siku ya kwanza, au tarehe iliyopita ndani ya bahasha ambayo haikufunguliwa. Mwongozo huu unalifuata dai tangu siku ya mwisho kazini hadi kwenye rufaa, na unakaa zaidi pale ambapo watu wetu hukwama.

Fedha hizi zinatoka wapi

Bima hii ilizaliwa na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935, ingawa jimbo la Wisconsin lilikuwa limetangulia kwa sheria yake ya mwaka 1932. Serikali kuu huweka misingi, na kila jimbo huendesha mfuko wake kwa kanuni zake, kwa hiyo hakuna ofisi moja ya taifa ya kupelekea dai. Anayechangia ni mwajiri. Ni katika Alaska, New Jersey na Pennsylvania pekee ambako mfanyakazi naye hukatwa kiasi fulani.

Inafaa kulishika jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba fedha hizi ni malipo ya bima yaliyotokana na kazi ya mtu, wala si sadaka, na anayezidai hana sababu ya kuona haya. Ya pili ni kwamba kiwango cha mchango wa mwajiri hupanda kadiri wafanyakazi wake wa zamani wanavyolipwa, na ndiyo maana kampuni nyingi hupinga madai hata pale zinapojua hali halisi. Ukipingwa usidhani kwamba msimamizi wako wa zamani anakuchukia; pengine hata hajui, kwa kuwa barua imejibiwa na mtu wa makao makuu ambaye hajawahi kukuona.

Nani anastahili

Majimbo yote huuliza mambo matatu: je, ulipata mshahara wa kutosha katika kipindi kilichopita, je, umepoteza kazi bila kosa lako, na je, sasa unaweza kufanya kazi, uko tayari kuanza, na unatafuta?

Kwa mgeni kuna swali la nne, la kibali. Ni lazima uwe ulikuwa na ruhusa ya kufanya kazi ulipopata mishahara hiyo, na uwe nayo pia katika kila wiki unayodai. Hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya wafanyakazi wa ofisi hizi hulikosea: mkimbizi aliyepokewa rasmi na mtu aliyekwisha kupewa hifadhi ya ukimbizi (asylum) wana ruhusa ya kazi inayotokana na hadhi yao yenyewe, kwa hiyo kadi ya kibali cha kazi ikiisha muda ruhusa yao haiishi. Wao wanaweza kuonyesha fomu ya I-94, yaani rekodi ya kuingia nchini, yenye mhuri wa hadhi hiyo. Aliye na ombi la hifadhi ambalo bado halijaamuliwa hana kinga hiyo, kwani ruhusa yake imo ndani ya kadi. Zaidi ya hayo, kwa maombi ya kuhuisha kadi yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 30 Oktoba 2025, nyongeza ya muda iliyokuwa ikitolewa moja kwa moja imeondolewa kwa makundi mengi. Basi omba kuhuisha mapema, maana wiki ambayo huna ruhusa ni wiki isiyolipwa.

Wengine huogopa kwamba kudai kutaharibu maombi yao ya ukazi wa kudumu. Kanuni ya mwaka 2022 kuhusu mtu anayeweza kuwa mzigo kwa serikali haikuihesabu bima hii, na wakimbizi na waliopewa hifadhi wameondolewa na sheria yenyewe katika kipimo hicho. Kanuni za uhamiaji hubadilika, kwa hiyo mwenye hadhi nyingine na amuulize wakili wa uhamiaji kwanza.

Dereva wa teksi za programu na mpeleka chakula kwa kawaida huhesabiwa kuwa wamejiajiri, na mishahara yao haionekani katika kumbukumbu za jimbo. Hata hivyo, jina ambalo kampuni imekupa si lazima liwe neno la mwisho. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya New York iliamua kwamba wapelekaji wa Postmates, kampuni ya kupeleka chakula, walikuwa waajiriwa kwa madhumuni ya bima hii, na mwaka 2022 Uber ililipa New Jersey dola milioni 100 kwa michango ambayo haikuwa imelipwa. Kama saa zako, bei yako na namna yako ya kufanya kazi vilipangwa na kampuni, wasilisha dai na uiache ofisi ichunguze.

Kipindi cha msingi na hesabu ya malipo

Majimbo mengi huangalia robo nne za kwanza kati ya robo tano za mwaka (vipindi vya miezi mitatu mitatu) zilizokamilika kabla ya dai. Ukidai mwezi Februari 2026, robo zinazohesabiwa ni kuanzia Oktoba 2024 hadi Septemba 2025. Ukidai Mei 2026, ni mwaka mzima wa 2025. Kwa aliyefika Marekani karibuni, miezi michache huweza kuleta tofauti kubwa, kwa sababu robo alizokuwa bado kambini Nyarugusu au Kakuma ni sufuri. Majimbo mengi yana kipindi mbadala kinachochukua robo nne za mwisho zilizokamilika, na ukikataliwa kwa mishahara michache uliza kama jimbo lako linacho.

Chukua mfano wa Texas, ambayo hesabu yake ni nyepesi. Robo yenye mshahara mkubwa zaidi hugawanywa kwa 25. Ikiwa robo hiyo ilikuwa dola 10,000, malipo ya wiki ni dola 400. Ni lazima pia uwe na mshahara katika zaidi ya robo moja, na jumla yake ifike mara 37 ya malipo ya wiki, yaani dola 14,800. Jumla utakayoweza kulipwa ni ndogo kati ya wiki 26 za malipo na asilimia 27 ya mishahara yote ya kipindi hicho: aliyepata dola 36,000 atalipwa hadi dola 9,720, kwa kuwa kiasi hicho ni kidogo kuliko dola 10,400.

Kwingineko hali ni tofauti. Wiki 26 ndizo zilizozoeleka, lakini Iowa imezipunguza hadi 16 tangu mwaka 2022, na Florida huweza kushuka hadi 12, tena kwa kiwango cha juu cha dola 275 kwa wiki. Usiulize ndugu aliyeko jimbo jingine analipwa ngapi ukadhani umepunjwa.

Barua ya kwanza utakayopata huonyesha mishahara ya kila robo na jina la kila mwajiri. Isome ukiwa na hati zako za malipo mkononi. Mishahara ikikosekana, sababu mara nyingi ni mwajiri kuripoti kwa namba ya Hifadhi ya Jamii yenye tarakimu iliyokosewa, au kwamba ulifanya kazi jimbo jingine. Kwa hali hii ya pili, unaweza kuomba mishahara ya majimbo mawili au zaidi iunganishwe katika dai moja. Aliyefanya kazi jimbo moja tu kisha akahama hudai kwenye jimbo alikofanya kazi.

Siku ya kwanza: vitu vya kuwa navyo

Wasilisha dai katika wiki ileile uliyopoteza kazi. Majimbo mengi huanza kuhesabu kuanzia Jumapili ya wiki uliyowasilisha, na kurudishwa nyuma huhitaji sababu nzito. Kutojua si sababu inayokubalika kwa urahisi.

Uwe na namba ya Hifadhi ya Jamii, kadi ya kibali au ya ukazi pamoja na namba ya uhamiaji inayoanza na herufi A, jina rasmi la kila mwajiri wa miezi 18 iliyopita kama lilivyo kwenye fomu ya W-2 (hati ya mshahara na kodi anayoitoa mwajiri kila mwaka), tarehe ya kwanza na ya mwisho kazini, na namba za akaunti ya benki. Jina rasmi ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mtu aliyekuwa akifunga nyama kwenye kiwanda fulani huandika jina la kiwanda, kumbe mwajiri wake kisheria ni wakala wa vibarua, na dai husimama wiki kadhaa likimtafuta mwajiri asiyejulikana.

Nikiwa kwenye jambo hilo la mawakala wa vibarua, kuna mtego unaowanasa wengi. Katika majimbo kadhaa, kazi uliyopangiwa ikiisha ni lazima umwarifu wakala kwamba umemaliza na unahitaji nyingine, la sivyo utahesabiwa kuwa umeacha kazi kwa hiari. Iowa hutoa siku 3 za kazi na Minnesota hutoa siku 5, iwapo wakala alikujulisha sharti hilo kwa maandishi, na hati hiyo huwa katikati ya rundo la karatasi ulizotia saini siku ya kuajiriwa. Tuma ujumbe wa simu au baruapepe siku hiyohiyo kazi inapoisha, na uihifadhi picha yake.

Swali la "kwa nini huna kazi"

Hapa ndipo ile silabi inapoonekana. Fomu itakupa machaguo machache: umepunguzwa kwa kukosekana kazi, umefukuzwa, umeacha mwenyewe, au saa zako zimepunguzwa. Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno "kufukuzwa" hubeba yote, na nimemsikia mzee mmoja aliyepunguzwa pamoja na shifti nzima ya usiku akimwambia mkalimani kwa uchungu, "Wametufukuza kama mbwa." Mkalimani alitafsiri kwa uaminifu, na aliyekuwa upande wa pili wa simu akachagua kisanduku cha kufukuzwa, ambacho hufungua uchunguzi wa utovu wa nidhamu. Uchungu wake ulikuwa wa haki, lakini uliandikwa katika safu isiyostahili.

Kwa hiyo jiulize: kazi ilikwisha, au wewe ndiye uliyeondolewa? Kama kazi ilipungua, mashine zikahamishwa au mkataba ukaisha, sema "nimepunguzwa kwa kuwa kazi haikuwepo" na uishie hapo. Kama uliambiwa usirudi kwa sababu ya jambo ulilodaiwa kulifanya, umefukuzwa. Liandike tukio la mwisho lililosababisha, tarehe yake, na aliyekuambia. Usiandike historia ya miaka mitatu ya ugomvi na msimamizi, kwani anayeamua anatafuta tukio moja la mwisho.

Kufukuzwa peke yake hakukunyimi haki. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ulifanya kosa kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa, na mtu aliyejitahidi akashindwa kufikia kasi ya mstari wa uzalishaji kwa kawaida hahesabiwi kuwa mtovu wa nidhamu. Kukosa kazini ndiko kunakoleta mabishano zaidi. Huko Iowa, kutohudhuria kupita kiasi bila udhuru ni utovu wa nidhamu, lakini ugonjwa ulioripotiwa ipasavyo ni udhuru hata kama kampuni ilikuhesabia alama za adhabu. Rekodi ya simu uliyopiga asubuhi ile kabla ya shifti ina thamani kuliko maelezo ya kurasa mbili.

Aliyeacha mwenyewe ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na majimbo hutaka sababu nzito, kwa kawaida iliyohusiana na kazi: mshahara kukatwa sana, hatari ambayo mwajiri alielezwa akapuuza, au agizo la daktari. Majimbo mengi pia humkubali anayekimbia ukatili wa nyumbani. Ikiwa bado hujaacha, lalamika kwanza kwa maandishi na umpe mwajiri nafasi ya kurekebisha, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Na ukiambiwa "tia saini hapa kwamba umejiuzulu, itakuwa rahisi kwako," fahamu kwamba karatasi hiyo itakuwa kielelezo dhidi yako.

Kuthibitisha wewe ni nani

Tangu wimbi la wizi wa mwaka 2020, majimbo yamekaza uthibitisho wa utambulisho, mara nyingi kupitia huduma za mtandaoni kama ID.me au Login.gov, zinazotaka picha ya kitambulisho na ya uso wako. Mfumo huoanisha jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, na hapa watu wetu wana matatizo mawili ya pekee.

La kwanza ni mpangilio wa majina. Mtu mwenye majina matatu huwa na jina la baba mwanzoni kwenye kadi ya uhamiaji, katikati kwenye leseni ya udereva, na halipo kabisa kwenye orodha ya mishahara. Andika dai kwa jina lililo kwenye kadi ya Hifadhi ya Jamii, herufi kwa herufi. La pili ni tarehe ya kuzaliwa: wakimbizi wengi waliandikishwa tarehe 1 Januari kwa kuwa hawakuwa na cheti, na familia nzima zinazoishi nyumba moja huonekana kuzaliwa siku moja. Hilo peke yake si kosa, ila huweza kulisimamisha dai, hasa kaka wawili wakitumia simu moja na baruapepe moja. Kila mdai awe na baruapepe yake. Ukitakiwa kuthibitisha, barua huwa na siku ya mwisho. Mtandao ukigoma, uliza kuhusu njia ya ana kwa ana kabla ya siku hiyo.

Kila wiki, bila kukosa

Kukubaliwa kwa dai hakuleti malipo peke yake. Kila wiki, au kila wiki mbili kama ilivyo Texas na California, ni lazima ujibu maswali kuhusu wiki iliyopita. Katika majimbo mengi wiki ya kwanza ni ya kungoja na hailipwi, lakini ni lazima uidai. Endelea kudai hata dai lako likiwa linachunguzwa, limekataliwa au liko kwenye rufaa. Ukishinda rufaa baada ya miezi mitatu, hulipwa zile wiki ulizozidai tu, na nimeona mtu akishinda kesi akapata wiki moja kwa sababu nyingine zote hakuzigusa. Kama mwongozo huu wote utasahaulika, hilo lisisahaulike.

Swali la "ulikuwa unaweza na uko tayari kufanya kazi?" lijibu kwa kufikiri. Watu huandika "hapana" wakimaanisha hawana kazi, na mashine husoma kwamba hawataki. Kama uliumwa siku mbili, sema hizo mbili. Kama una watoto lakini mama yako yupo nyumbani kuwaangalia, uko tayari.

Mapato huripotiwa kwa wiki uliyofanya kazi, kabla ya makato, hata kama bado hujalipwa. Ni kosa la kawaida kabisa kungoja hundi, na ndilo linalozaa barua za madeni, kwa kuwa kompyuta ya jimbo hulinganisha na ripoti za waajiri. Kazi ya saa chache haikuharibii kila kitu: huko Texas mwenye malipo ya dola 400 anaruhusiwa robo yake, dola 100, bila kupunguziwa; akipata dola 180, hupunguziwa 80 na kulipwa 320.

Weka daftari la kutafuta kazi lenye tarehe, jina la mwajiri, nafasi, njia uliyotumia na jibu. Iowa hutaka shughuli 4 kila wiki, angalau 3 kati yake zikiwa maombi ya kazi; huko Texas idadi huandikwa kwenye barua kulingana na kaunti. Ukiitwa kwenye kituo cha ajira kwa mahojiano ya kupangiwa mpango wa kazi, nenda au badilisha siku mapema, kwani kutokwenda husimamisha malipo.

Halafu kuna msiba. Mtu hupigiwa simu usiku kwamba baba amefariki Bukavu au Mombasa, anakata tiketi, na akiwa matangani anakumbuka kudai wiki yake. Anafungua simu na kujibu kwamba yuko tayari kufanya kazi. Mfumo unaona amejibu kutoka nje ya nchi, dai linafungwa, na swali linageuka kuwa la udanganyifu. Ukisafiri nje ya Marekani, toa taarifa, na kwa wiki ambazo hukuwepo jibu kwamba hukuwa tayari. Usimwachie mdogo wako nywila akudaie. Utapoteza wiki mbili tatu, ambazo ni nafuu mara nyingi kuliko kesi.

Bahasha

Siku moja mama mmoja mwenye asili ya Uvira alinimwagia mezani mfuko wa plastiki uliojaa bahasha, karibu zote hazijafunguliwa. "Mwanangu, mie nilizania ni matangazo," alisema. Miongoni mwake ilikuwamo kadi ya malipo, ndani ya bahasha nyeupe isiyo na nembo iliyofanana kabisa na zile za kukopesha watu fedha, na ilikuwamo barua ya kukataliwa ambayo siku zake za rufaa zilikuwa zimebaki mbili. Tuliituma rufaa usiku uleule kwa mtandao, sentensi mbili tu.

Fungua kila bahasha siku inapofika, na angalia mambo mawili: tarehe ya kutumwa na siku ya mwisho ya kujibu. Siku huhesabiwa tangu barua ilipotumwa, na siku uliyoipokea haina uzito. Ukihama, badilisha anwani kwenye ofisi ya bima pia, kwani posta pekee haitoshi. Kipimo cha serikali kuu ni kwamba asilimia 87 ya malipo ya kwanza yatoke ndani ya siku 14 au 21 kulingana na jimbo, kwa hiyo kimya cha wiki tano maana yake kuna kitu kimekwama. Ingia kwenye akaunti utafute neno la kuonyesha suala lisiloamuliwa, kisha piga simu asubuhi mlango unapofunguliwa. Ukikosa kabisa, mwandikie mbunge wako wa jimbo. Ofisi zao hushughulikia maswali kama haya ya wapiga kura na wakazi, na hazidai uwe raia.

Ofisi hizi hupokea fedha za serikali kuu, na chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 zinatakiwa kumhudumia asiyejua Kiingereza bila kumlipisha mkalimani. Sema tu "Swahili" mara simu inapopokelewa. Usimtumie mtoto wa darasa la sita. Ataijua lugha, lakini hataujua uzito wa neno "kuacha". Wala usimlipe mtu anayeahidi kulipitisha dai lako, na usimpe yeyote namba ya siri kwa WhatsApp. Kudai ni bure.

Rufaa

Ukikataliwa, kata rufaa. Muda hutofautiana: Iowa siku 10, Texas 14, Ohio 21, California 30. Huhitaji hoja za kisheria. Andika jina, namba ya uamuzi, na maneno haya: "Sikubaliani na uamuzi wa tarehe fulani, naomba usikilizwaji, nahitaji mkalimani wa Kiswahili." Taja pia ni Kiswahili kipi. Mtu wa Fizi, Kongo, akipewa mkalimani wa Unguja wataelewana kwenye salamu, lakini kwenye "kusimamishwa" na "kufukuzwa" wanaweza kupishana. Ukiona hamwelewani, mwambie afisa papo hapo ili iingie kwenye rekodi. Kulalamika baada ya uamuzi husaidia kidogo.

Usikilizwaji mwingi hufanyika kwa simu. Soma notisi, kwa sababu baadhi ya majimbo hutaka usajili namba yako kabla, na asiyepatikana hushindwa. Tuma vielelezo kabla ya siku yenyewe kwa afisa na kwa mwajiri: ujumbe wa simu, ratiba za shifti, barua ya daktari. Kaa chumba kimya, betri ikiwa imejaa, mtu mwingine akiwa na watoto.

Ushahidi wenye nguvu ni wa aliyeona kwa macho yake. Mwajiri mara nyingi humleta mtu wa idara ya wafanyakazi asomaye faili, na zamu yako ya kuuliza ikifika, swali moja latosha: "Wewe ulikuwepo?" Jibu ulichoulizwa, kwa sentensi fupi, ukimwachia mkalimani nafasi. Usiseme "daima" wala "kamwe" kama unaweza kutaja tarehe. Kwa wasio na uwezo kuna msaada wa kisheria wa bure, kama Iowa Legal Aid au Texas RioGrande Legal Aid, ila wapigie siku unayokata rufaa, kwani wiki ya usikilizwaji huwa wamejaa. Ukishindwa, ipo ngazi ya pili ya utawala na baadaye mahakama, lakini ushahidi mpya huko hupokelewa kwa shida. Kila kitu kiwekwe kwenye usikilizwaji wa kwanza.

Barua ya kurudisha fedha, na kodi

Ukiambiwa umelipwa zaidi, kuna milango miwili tofauti. Kama deni si sahihi, kata rufaa ndani ya muda. Kama ni sahihi lakini kosa halikuwa lako na kulipa kutakuumiza, uliza kuhusu msamaha. Majimbo mengi huutoa kwa ombi maalumu. Ukinyamaza, jimbo huweza kuchukua marejesho yako ya kodi ya serikali kuu. Neno "udanganyifu" likionekana, tafuta wakili mara moja, kwani huongeza adhabu isiyopungua asilimia 15. Na usikubali eti kompyuta haikosei: huko Michigan, kati ya 2013 na 2015, mfumo uliojiendesha wenyewe uliwatuhumu maelfu ya watu udanganyifu, na kesi zaidi ya 20,000 zilipopitiwa na binadamu, asilimia 93 zilikutwa na makosa. Mwaka 2022 jimbo lilikubali fidia ya dola milioni 20.

Malipo haya hutozwa kodi ya serikali kuu. Unaweza kuomba yakatwe asilimia 10 tangu mwanzo, na kwa mwenye familia kubwa nashauri hivyo, ili mwezi wa Aprili usije na deni. Kufikia mwisho wa Januari utaletewa fomu ya 1099-G, inayoonyesha malipo uliyopokea. Ikija nawe hujawahi kudai, mtu ametumia jina lako, toa taarifa jimboni kabla ya kujaza kodi. Kama unapokea msaada wa chakula wa SNAP au bima ya afya ya Medicaid, ripoti kiasi cha wiki huko pia, na ukipata kazi mpya, dai wiki ya mwisho uliyofanya kazi siku chache ukitaja mapato yake, kisha acha kudai.